Mdomo Usiokauka

Rangi yote ilikauka, mdomo ukabaki mbichi.

Shavu lilikauka, paji la uso likakauka, hata nywele zile nyeusi alizozipaka nzito kama lami zilikauka. Ila mdomo, Biharusi akiugusa kwa ncha ya kidole, unamng'ang'ania kidogo halafu unamwachia, na kidole kinarudi chekundu. Siku ya kwanza akasema labda mafuta yamezidi. Siku ya pili akausogeza ubao dirishani upigwe na jua. Jua likapiga mpaka ubao ukalia ko! lakini mdomo ukabaki vilevile, unang'aa kama wa mtu aliyetoka kuramba asali.

Huyu Biharusi hakuwa bibi harusi tena. Aliolewa zamani, harusi yenyewe watu wamekwisha kuisahau, lakini pale ukweni walimng'ang'aniza jina lile kama mtu anayekumbushwa kila siku kwamba wewe ni wa kuja. Mumewe ni seremala. Nyumba ni ya marehemu baba mkwe, na ndani yake alikuwamo mama mkwe, mtu wa presha na miguu kuvimba, na dada wa Seremala, yule wifi mkubwa, aliyerudi kwao baada ya kuachana na mumewe na akarudi na masanduku yake yote na mdomo wake wote.

Ugomvi wao, Biharusi na wifi, ulikuwa wa kitu kidogo. Salamu. Hawa wanawake wawili ni rika moja, waliota meno mwaka mmoja, lakini wifi alisema yeye ni mkubwa wa Seremala, kwa hiyo mke wa Seremala amwamkie shikamoo kila asubuhi, tena kwa sauti, tena kabla hajanawa uso.

"Sijasikia," atasema wifi, kikombe mkononi.

"Shikamoo, wifi."

"Marahaba. Siku nyingine usiitafune, kaa la moto hilo?"

Mama mkwe yuko pembeni, anakanda miguu yake. Seremala naye, mwanaume huyo akiona wanawake wanaanza, misumari yote inamwita karakana. Basi Biharusi akawa mtu wa kuamkia nyumba nzima, na wa kumwamkia yeye hakuna. Hata mtoto wa jirani akipita alikuwa anakimbilia kwa wifi kwanza.

Sasa kuchora alianzaje? Wenye saluni walikuwa wanakuja kwa Seremala kuagiza mabango. Wanataka ubao, na juu ya ubao wanataka uso wa mwanamke, mzuri, nywele zimesukwa, mdomo umekolea. Seremala anajua ubao tu, uso hajui. Mteja anageuka anaondoka. Biharusi akasema nitajifunza mimi. Wifi akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Hata wanja wako mwenyewe unapaka kama umepigwa ngumi!"

Akaenda kwa fundi mabango wa mtaa wa pili, mzee mmoja waliyemwita Brashi, shati lake lina kila rangi isipokuwa ile lililonunuliwa nayo. Akamfundisha. Kupiga msasa. Kupaka nyeupe kwanza, ubao wote, uwe kama maziwa. Kuchora kwa penseli bila kukandamiza. Kuanza na rangi ya giza, kando ya pua na chini ya kidevu, ndipo uje na ile ya nuru. Kidoa cheupe cha jicho ndicho cha mwisho, na ukishakiweka, weka brashi chini, usiguse tena.

Na akamfundisha kuazima.

"Uso wa bango usiwe wa mtu mmoja," alimwambia. "Ukimchora mtu mmoja atakuja kudai. Azima. Macho ya yule anayeuza nyanya, pua ya mwalimu, mashavu ya shemeji yako. Lakini kila kiungo kiwe na mwenyewe, tena mwenyewe aliye hai. Usitunge cha kichwani mwako, umenisikia?"

"Nikitunga?"

"Kilichotungwa hakina mwenyewe," Brashi akasema, akafuta mikono kwenye suruali.

Uso wake wa kwanza mkubwa Biharusi aliufanyia nyumbani, kile chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Macho aliyaazima kwa muuza nyanya. Pua kwa mwalimu. Mdomo alikuwa amepanga kuuazima kwa wifi, maana tuseme kweli, wifi alijaliwa mdomo, umechongeka vizuri, ubaya wake ni yale yanayotoka humo. Lakini asubuhi ile ile wifi alimrudisha kuamkia mara tatu mbele ya wageni. Biharusi akaingia stoo, akashika penseli, akasema moyoni, mdomo wa huyu siuangalii leo hata kwa dawa. Akafumba macho. Akatunga wa kwake.

Ndio huo uliokataa kukauka.

Ikaja siku ya tatu, mchana, zile saa za jua kali mtu mzima analala na kuku wanalala. Nyumba kimya. Biharusi kauelekezea mgongo ubao, anasuuza brashi kwenye kopo la tapentaini. Akasikia harufu. Si ya rangi. Ni harufu ya nywele zinazoungua kwa kitana cha moto, na ndani yake kama kuna utamu, kama matunda yaliyokaa sana kwenye mfuko. Halafu akasikia kitu kinaachana na kitu, taratibu, kama midomo ya mtu aliyelala ikibanduka.

"Shikamoo."

Sauti ya kike, changa, ya adabu. Nyuma yake.

Jamani, mtu uliyelelewa ukaleleka, ukiamkiwa hufikirii. Kinywa kinatangulia. Tena kwa Biharusi, aliyekaa miaka katika nyumba ile hajaamkiwa na paka, neno lile lilimshukia kama maji baridi kooni.

"Marahaba, mwanangu," akasema, tena anatabasamu, tena bado anasuuza.

Ndipo akageuka.

Hapakuwa na mtu. Mlango umefungwa kwa komeo la ndani, alilifunga mwenyewe ili wifi asije kuchungulia. Ubao uko pale pale. Ila mdomo aliouchora umefumba sasa umeachama kidogo, kiasi cha kupitisha ukucha, na ndani yake kulikuwa na meno, madogo, yamejipanga, na Biharusi hakuwa amechora meno.

Alitoka mbio. Hakumwambia mtu, maana atamwambia nani? Angemwambia wifi angempa la kumcheka nalo mpaka kaburini. Jioni mwenye saluni akaja, akafunuliwa ubao, akashika kifua. "Huyu ni nani jamani? Mzuri! Nataka wawili kama huyu, kila upande wa mlango mmoja." Na mwenzake akataka. Na mwenzake wa mwenzake. Mama mkwe, miguu ile ile imevimba, akajikokota mpaka mlango wa stoo na chai mkononi. "Fanya kazi mwanangu, usisumbuke na jikoni." Maneno hayo Biharusi aliyangoja tangu aolewe, na siku yalipokuja yakaja kumfungia mlango.

Kwa sababu kila uso aliouanza, aazime macho kwa nani, aazime pua kwa nani, ukifika kukamilika unakuwa ule ule. Na ule wa kwanza alioambiwa na Seremala aubakize nyumbani uwe wa mfano, kila asubuhi aliukuta umefifia, rangi imenyonywa kama mtu alikesha anauramba, na sauti inatoka mle ndani, ndogo, ya kubembeleza.

"Mama, nipake."

"Sikupaki."

"Mama, nimepauka. Nipake."

Na mkono unakwenda. Anautazama unavyokwenda. Unachovya, unapaka, shavu, paji, chini ya jicho, na jinsi ule uso unavyokolea ndivyo yeye anavyohisi ubaridi unamshuka kutoka kwenye nyusi, unapita mashavuni, unamfika mdomoni, na akijitazama kwenye kioo cha mkononi anaona midomo yake imekuwa kama ya mtu aliyekula unga, na nyusi zimekuwa hafifu, kana kwamba kuna mtu anamfuta na kitambaa kidogo kidogo ili asishtuke.

Akamshika mumewe karakana, vumbi la mbao linaruka.

"Baba, mimi nataka kwenda kwetu."

"Kuna msiba?"

"Hakuna. Ile picha inasema."

Seremala akazima mashine. "Inasema nini?"

"Punguza sauti. Inaniita mama."

Alimtazama mkewe usoni, akamtazama vizuri, na hapo mwanaume akaogopa, si kwa sababu ya picha, ila alijaribu kukumbuka mke wake alikuwaje mwezi uliopita na hakupata. "Ni tapentaini hiyo," akasema, lakini sauti haikuwa na nguvu. "Twende hospitali."

Wakashikana mikono wakatoka. Walipita duka, walipita kinyozi, walipofika pale kona barabara inapokata, Biharusi akasimama ghafla. Dunia ilifutika. Si giza, afadhali lingekuwa giza, maana giza mtu amelizoea; ilikuwa nyeupe, nyeupe ya ubao uliopakwa mkono wa kwanza, hakuna barabara, hakuna mume, hakuna hata mkono wake mwenyewe mbele ya macho, na katika ule weupe hakuna juu wala chini, na kitu kilikuwa kinamkwaruza mashavuni taratibu, kwa uangalifu, kama ncha ya penseli ya mtu ambaye hajaamua bado achore nini.

Akapiga kelele. Seremala akamgeuza kuelekea nyumbani, na mara akaona. Kinyozi. Duka. Mlango wao. Wakajaribu tena upande wa pili wa mtaa, ikawa vilevile. Ile kona ikawa haivukiki kwake.

Brashi aliitwa. Aliingia mpaka ukumbini, akanusa, akasimama mlangoni pa stoo bila kuvuka kizingiti.

"Macho ya muuza nyanya," akasema. "Pua ya mwalimu. Mdomo umeuazima wapi?"

Biharusi akaanza kukwaruza rangi kwenye ukucha.

"Binti yangu, mdomo wa nani ule?"

"Nilitunga, fundi."

Yule mzee alivua kofia. Hakumgombeza hata kidogo, na hilo ndilo lililomliza.

Ni Brashi aliyemleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani na mkoba wa ngozi, utadhani karani wa posta. Alitaka kiti kigumu, si kochi, akasema kochi linamuua mgongo. Akaingia stoo kaziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akakaa humo na ubao, akatoka jasho limemlowesha. Nyumba nzima imekusanyika ukumbini isipokuwa wifi, ambaye alikuwa amekwenda kwa shoga yake.

"Amekuamkia?" mganga akauliza.

"Ndiyo."

"Ukaitika?"

"Niliitika. Sikujua."

"Huyu ni jini asiye na sura wala ukoo. Sura ukampa, haikuwa na mwenyewe, akaingia. Ukoo pia ukampa, kwa kuitika. Umesema marahaba, maana yake wewe ni mkubwa wake. Unadhani mtoto anamwacha mama yake aende matembezi?"

Mama mkwe akaanza kupepea uso kwa khanga. "Mfukuze basi."

"Nimfukuze wapi? Ana mama. Nikichoma ubao anahamia kwa huyu moja kwa moja." Mganga akashusha sauti, wote wakainama kumsikia. "Njia ipo moja. Jini amwamkie mwanamke mwingine, mkubwa wa nyumba hii, na huyo aitike. Hapo anahama mikono. Ila huyo atakayeitika sijui atamfanyaje."

"Nitaitika mimi," Seremala akasema.

"Wewe una ndevu. Kaa chini."

Macho yote yakamwendea mama mkwe.

"Mimi nina presha," mama mkwe akasema haraka. "Kila mtu anajua nina presha."

"Na wewe mganga?" Seremala akauliza.

"Baba, mimi ninao wa kunitosha, hata chai hawaniachi ninywe." Akasimama, akafunga mkoba. "Fungeni chumba. Geuzeni ubao uangalie ukuta. Asiingie mtu, na akiingia, chochote atakachosikia asiitike. Mpaka nitafute la kufanya."

Biharusi akabaki katika chumba cha kulala akijisikia anavyofutika. Alimsikia yule kiumbe kupitia ukutani. Mama. Mama, nimepauka. Mama, mbona umenigeuza? Aliziba masikio kwa mto, na sauti ikaja kupitia mto, kupitia meno yake mwenyewe, na vidole vyake vikawa vinatembea juu ya shuka vikichora, shavu, paji, kidevu, bila brashi, bila rangi, wala havikusimama mpaka alipovikalia.

Wifi alirudi alasiri. Hakuna aliyemngoja kumweleza; mama yake alikuwa amejilaza, Seremala kamsindikiza mganga. Akakuta kufuli kwenye mlango wa stoo.

"Nani kafunga humu?"

Biharusi akatoka chumbani, ameshika ukuta. "Wifi, nakuomba, usifungue. Mganga kakataza."

"Mganga! Mmeleta mganga nyumba ya baba yangu mimi sipo?"

"Kuna kitu humo."

"Kuna kitu humo kweli, kuna masanduku yangu, na wewe umeyafungia na madude yako." Wifi akachukua nyundo ya Seremala pale sebuleni. Kufuli lilikuwa la kubabaisha. Kwa pigo la pili likaanguka.

Akaingia. Akaona ubao umegeuziwa ukuta, na wifi alivyo, kitu kikigeuzwa lazima akigeuze. Biharusi alimwona kutoka ukumbini, mgongo wa wifi, bega la wifi, halafu ule uso ukitokea taratibu juu ya bega, macho ya muuza nyanya, pua ya mwalimu, na ule mdomo umelowa, umeachama, umefika sasa kiasi cha kupitisha kidole, na ile harufu ya nywele na matunda ikajaa ukumbi mzima.

Angeweza kunyamaza. Watu wengi mpaka leo wanasema alinyamaza. Uongo. Alipiga kelele, mtaa ulisikia.

"Wifi! Ukiamkiwa usiitike! Usiitike wifi!"

Wifi akageuka, mkono kiunoni. "Wewe? Wewe unikataze mimi kuitika salamu? Wewe ambaye salamu yenyewe inakutoka kama jipu?"

"Shikamoo, shangazi," ikasema sauti nyuma yake. Tamu. Taratibu. Kila herufi mahali pake.

"Marahaba!" akasema wifi kwa nguvu, macho yake yako kwa Biharusi, hata hakugeuka kuangalia nani kamwamkia. "Umesikia hiyo? Hivyo ndivyo mtu anavyoamkia! Kumbe wenye adabu wapo!"

Ndipo akanyamaza. Alisimama vile vile, mkono kiunoni. Kitu kilimpita usoni, kama kivuli cha ndege kinavyopita uwanjani.

Biharusi akahisi joto limemrudia midomoni. Akaenda mpaka kwenye ubao, akanyoosha kidole. Mdomo ulikuwa umekauka. Mkavu kama mbao. Akatoka, akapita duka, akapita kinyozi, akafika kona, akavuka. Alisimama upande wa pili wa barabara analia na kucheka, watu wakampisha wakidhani amefiwa.

Mngesema yameisha.

Wifi alibadilika akawa mpole. Hakugombana na mtu. Alianza kukaa mbele ya kioo asubuhi mpaka mchana akijipaka, wanja, poda, rangi ya mdomo, anafuta anaanza tena, giza kwanza halafu nuru, na siku hadi siku akazidi kupendeza, mpaka watu wakawa wanamsimamisha njiani. Mama mkwe akawa anajivunia. Seremala alikuwa anakula haraka na kurudi karakana. Biharusi hakumtazama wifi mdomoni. Alimtazama mara moja tu, mchana, wakati wifi hajapaka kitu bado, ametoka kunawa uso kwa sabuni. Mdomo ulikuwa unang'aa.

Ikaja siku wamejaa wageni, shangazi za Seremala, majirani, watu wanakula. Wifi akatoka chumbani. Akapita katikati ya watu wote, akaja mpaka alipoketi Biharusi, akainama, mikono ameikunja kifuani kama mtoto wa shule.

"Shikamoo, mama."

Vijiko vikasimama. Wifi mkubwa, wa kumwamkia mke wa mdogo wake! Shangazi mmoja machozi yakamlenga. "Mungu mkubwa," akasema, "leo wamepatana."

Biharusi akabana meno, maana akiitika tu, mama ni yeye tena.

"Mwitikie basi mwenzio," mama mkwe akasema. "Kajishusha mbele za watu."

Akabana meno mpaka taya zikamwuma. Wifi amebaki ameinama, hachoki, anatabasamu kidogo, na ile harufu inaanza kupanda. "Ana kiburi huyu," mtu akanong'ona. "Tulikuwa tunamwonea wifi yake bure." Biharusi akainuka, akatoka nje na sahani yake mkononi.

Toka hapo ukoo haumsemeshi. Wamesema hata wakija kuzikana hawatamwalika. Wifi yeye hakasiriki. Kila asubuhi anakuja mlangoni, anainama, anaamkia, anasubiri, anaondoka zake kujipaka. Na mchana Biharusi anajiweza, mchana ana akili zake.

Shida ni usiku. Seremala aliamka safari moja akasikia mkewe anaota, na katika ndoto anatabasamu, na kinywa kinatafuta neno. "Ma," anasema. "Mara." Akamziba kwa kiganja. Sasa ndivyo wanavyolala, yeye kiganja chake kile kigumu, cha gundi na vumbi la mbao, kiko juu ya mdomo wa mkewe mpaka kunakucha, na nje ya mlango wa chumba kuna mtu amesimama kimya anasikiliza.

Lakini Seremala naye ni mtu. Anafanya kazi ngumu kutwa nzima, na mkono wa mtu aliyelala huwa unateleza.